Uzi Uliokimbilia Kulia

Gari la mahabusu lilikuwa lije alasiri ile ile, na Mama Miwani alikuwa bado hajaridhika.

Cheo chake kilikuwa Inspekta. Lakini tangu aanze kuvaa miwani yenye kamba shingoni, kituo kizima walimwita Mama Miwani, na wezi nao wakafuata, naye akaitika bila kinyongo. Alikuwa amekaa mbele ya meza ya mkuu wa kituo, mkononi ana mtaimbo mfupi wa chuma. Aliugeuzageuza kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji.

"Mama, hicho chuma utakiangalia mpaka kiote kutu," mkuu wa kituo alisema. "Zahanati imevunjwa. Jokofu la chanjo limebebwa pamoja na betri zake. Mtaimbo uliovunja kufuli umeokotwa mlangoni. Ni chuma kilichokerezwa kwa mashine, hilo hata kipofu akipapasa anajua. Na mji huu una mashine mbili tu za kukereza vyuma. Moja iko karakana kwa Mzee, nyingine ni ile aliyojiundia Zege nyumbani kwake. Mzee kaja hapa kwa miguu yake akasema huo si mkono wa karakana yake. Sasa kabaki nani?"

"Alijuaje kwamba si mkono wa karakana yake, Afande?"

"Kwa hayo matuta. Pitisha ukucha. Mzee anasema kwake kazi hutoka laini kama kioo, na matuta hayo ni ya mashine ya kuungaunga."

Mama Miwani akapitisha ukucha. Kweli, mwili wa mtaimbo ulikuwa na mistari myembamba iliyouzunguka, mmoja baada ya mwingine, kama meno ya kitana. Lakini kidole chake kikafika karibu na mwisho, pale ambapo mashine huwa inakishika chuma kwa meno yake wakati wa kukizungusha. Hapo mistari ilikatika. Palikuwa pamepigwa tupa, pakalainishwa.

"Na hapa? Mtu amefuta alama za meno ya mashine."

"Mwizi kafuta alama. Ajabu iko wapi?"

"Anayefuta alama anaogopa kuna mtu atazitambua. Meno ya mashine ya Zege nani anayajua, zaidi ya Zege mwenyewe? Mashine hiyo haijawahi kutoka chumbani."

Mkuu wa kituo akavuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu nyingi tangu asubuhi, maana akina mama waliokuwa wapeleke watoto kuchanjwa walikuwa wamerudishwa majumbani.

"Niletee kitu cha kushika mkononi. Mshangao wako siwezi kuupeleka mahakamani. Usiponiletea, gari likifika Zege anapanda, na mashine yake inabebwa kama kielelezo. Nimemaliza."

Mama Miwani alimjua Mungu wake, na alikuwa na kawaida ya kumwambia neno moja kabla ya kuanza kazi. Akalisema kimoyomoyo, akashika njia ya mahabusu.

Zege alikuwa ameketi sakafuni, magoti juu, mikono yake mikubwa imening'inia kama vifaa vilivyokosa pa kutundikwa. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya mashine yake. Mafundi wengine wananunua mashine ya chuma kitupu, yeye ya kwake aliimwagia mwili wa zege.

"Mtaimbo huu umeukereza wewe?"

"Hapana, mama."

"Ukiwekewa chuma kama hiki, mashine yako inakiweza?"

Zege akaupima ule mtaimbo kwa macho. Mwongo angesema hapana.

"Inakiweza," akasema.

"Nani mwingine anajua kuitumia?"

"Mke wangu peke yake. Wengine wakiishika inawachanganya."

"Inawachanganya vipi?"

Hapo Zege akakohoa, akaangalia ukuta. "Ina... ina utaratibu wake."

"Utaratibu gani?"

"Wa kwake tu, mama. Ndivyo ilivyo."

Mama Miwani akaitazama ile shingo iliyogeuka. Alikuwa amehoji watu wengi waliouficha wizi, na wengi waliouficha uzinzi. Huyu hakufanana nao. Huyu alikuwa na sura ya mtu aliyeketi penye maji na hataki kusimama mbele za watu.

"Karakana kwa Mzee umewahi kufanya kazi?"

"Hata kibarua. Mzee hataki nifike mlangoni. Anasema nitamwambukiza zege."

Nyumbani kwa Zege alikuta watu wamejaa uani. Jirani mmoja, mwanamume mnene, alikuwa na nyundo kubwa begani. Mlangoni alisimama mke wa Zege, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, kaikamata miimo yote miwili.

"Watoto wetu wamekosa chanjo kwa ajili ya hilo dubwana!" jirani alikuwa akisema. "Tunalivunja leo."

"Vunja, shemeji!" mke wa Zege akajibu. "Lakini baiskeli ya magurudumu matatu ya mama yako, nayo ilete tuivunje. Beringi zake zimekalia vyuma vilivyokerezwa humu humu. Au wakati ule halikuwa dubwana?"

Watu wakaguna, mmoja akacheka. Mwenye nyundo akaihamisha bega la pili.

"Baba," Mama Miwani akamwambia kwa upole, "ukivunja kielelezo cha polisi, nitakulaza alikolala mwenzako. Nafasi ipo, na yeye ni mtulivu, mtaelewana. Nenda nyumbani."

Wakaondoka mmoja mmoja, wakigeuka nyuma.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya jiko. Kilikuwa kidogo, kimefagiliwa, kinanuka mafuta na chuma kilichopata moto. Tupa zilitundikwa ukutani kwa mpangilio, kubwa mpaka ndogo. Jiriwa ya kubania vyuma ilikuwa imefungwa kwenye meza ya mbao nzito. Na katikati alikuwa amekaa mkubwa wao: kitako kirefu cha zege, kimepakwa rangi ya kijani. Juu yake vyuma viwili laini vya mashine mbovu ya uchapaji vililala sambamba kama reli. Mota ilitoka kwenye mashine ya kufulia. Mhimili unaoshika na kuzungusha kazi ulikuwa kipande cha ekseli ya lori, kimekaa ndani ya beringi nene. Kila kitu kilikuwa kimetoka kwenye kitu kingine kilichokufa.

"Ilimchukua muda gani?"

"We acha tu, Afande. Mimi nilikuwa nimeshazoea kulala na mtu anayeota nati."

Mama Miwani akasimama mbele ya mashine. Aliwahi kuiona ile ya karakana, akakumbuka namna fundi alivyosimama, mkono wa kulia ukizungusha mpini unaosogeza kisu. Akapeleka mkono wa kulia. Ukagonga mota.

"Wote wanafanya hivyo," mke wa Zege akasema. "Mota iko kulia. Mpini uko kushoto. Mume wangu anasema ndiyo ya kisasa."

"Ya kisasa?"

"Ndivyo anavyosema. Mimi sijui, sikuwahi kuona nyingine."

Mama Miwani akaandika jambo hilo kichwani, akaendelea. Alizikagua tupa zote kwenye mwanga wa dirisha. Alikusanya mabaki ya chuma kilichokerezwa yaliyokuwa kwenye ndoo. Alipima unene wa vyuma vya akiba, akakuta kimoja cha unene ule ule wa mtaimbo, na moyo wake ukashuka. Hicho ndicho mkuu wa kituo angekitaka. Akakifunga kwenye karatasi vilevile, maana hakuwa na tabia ya kuchagua ushahidi.

Alipotoka, akamkuta mke wa Zege amerudi kwenye cherehani sebuleni. Hakuwa anashona. Alikuwa anakunja uzi kwenye kijiti cha chuma kwa kukizungusha na mkono, na kila mara anausukuma uzi kwa kidole kuurudisha.

"Mikono ikikaa bure nitalia," akasema. "Na hiki nacho, basi tu. Kakitengeneza yeye. Nikizungusha, uzi wote unakimbilia kulia, unarundikana ukingoni. Kile cha zamani cha dukani kilikuwa kinapeleka kushoto. Nikamwambia mume wangu, hata vyuma vyako vina kiburi."

Mama Miwani alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi.

"Sema tena."

"Nini?"

"Kinapeleka wapi?"

"Kulia. Ona." Akazungusha. Uzi ukatambaa taratibu kwenda kulia, bila kusukumwa na mtu.

"Na cha dukani unacho?"

Kilikuwa kwenye droo, kimepinda kidogo. Wakakijaribu. Uzi ukaenda kushoto.

Mama Miwani akavaa miwani, akakisogeza kile cha Zege karibu na jicho. Kilikuwa na matuta yale yale membamba. Akaweka ncha ya sindano kwenye mstari mmoja, akazungusha. Sindano haikubaki mahali pamoja, ilifuata mstari na kusonga mbele, kama nati inavyosonga kwenye skrubu. Kwa hiyo ile haikuwa mistari mingi. Ulikuwa mstari mmoja mrefu, uliochorwa na kisu kikitembea huku chuma kikizunguka. Na uzi ulikuwa unaufuata.

Mota kulia. Mpini kushoto. Mashine nzima imejengwa kinyume, kama sura kwenye kioo. Basi na mstari wake nao...

"Mwanangu," akamwambia mke wa Zege, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi kwamba yule mwanamke akaogopa, "unaweza kunikerezea chuma kimoja, kama anavyokereza mumeo?"

"Naweza."

"Basi vaa viatu vinavyofunika vidole. Na umwite yule jirani mwenye nyundo, aje ashuhudie. Ushahidi unaotazamwa na adui una uzito."

Gari la mahabusu lilikuwa limeshafika, dereva anapangusa kioo, wakati Mama Miwani aliposafisha meza ya mkuu wa kituo. Alikuwa amemwita Mzee wa karakana, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo. Zege naye aliletwa, pingu mkononi. Mkewe alisimama karibu na mlango pamoja na jirani, ambaye nyundo yake ilibaki nje kwa amri ya askari wa zamu.

"Mama, gari linasubiri," mkuu wa kituo akasema.

"Halitasubiri sana, Afande."

Mezani aliweka vipande viwili vya ubao, kila kimoja kimechongwa pengo juu. Akalaza mtaimbo juu ya mapengo, ukakaa kama mshikaki juu ya jiko. Akaupaka mafuta kidogo ya cherehani. Kisha akautundikia uzi katikati, uzi uliofungwa nati ndogo ili ukazike.

"Mzee, wewe zungusha. Polepole, upande wa juu uje kwako."

Mzee akazungusha. Watu wakasogea. Uzi ukatetemeka, halafu ukaanza kutambaa kwenda kushoto, ukaenda, mpaka ukagota ubao.

"Umekwenda wapi?"

"Kushoto kwangu."

Akaugeuza mtaimbo, kichwa kikawa mkia, isije ikasemwa kwamba meza imeinama. Uzi ukaenda kushoto vilevile.

"Sasa hiki. Kimekerezwa leo kwa mashine ya Zege. Jirani, uliona?"

"Niliona," jirani akasema, macho chini. "Alikikereza huyu shemeji mbele yangu."

Mzee akazungusha. Uzi ukatambaa kwenda kulia. Wakakigeuza, ukaenda kulia. Mama Miwani akaleta kile kijiti cha kukunjia uzi, kazi ya zamani ya Zege. Kulia.

Mkuu wa kituo aliinuka kwenye kiti bila kujijua. "Hebu rudia."

Wakarudia.

"Subiri kwanza," Mzee akasema. Alikuwa mtu wa haki lakini hakupenda kushindwa haraka. "Kisu kinaweza kukata kikienda, na kinaweza kukata kikirudi. Akikata kwa kurudi, mstari unageuka."

"Ni kweli, Mzee. Ndiyo maana nimekuletea kisu chenyewe cha mashine ya Zege." Akakifungua kutoka kwenye kitambaa. "Uambie mkono wako usome."

Mzee akakipokea, akakigusa makali kwa kidole gumba. Akakigeuza upande wa pili, akagusa tena.

"Kimenolewa upande mmoja tu," akasema mwishowe. "Kikirudi kinasugua, hakikati." Akamgeukia Zege kwa mara ya kwanza. "Lakini we kijana, ni mashine gani inakata kuelekea kulia? Kichwa chake kiko wapi?"

Zege akainamisha uso. Pingu zililia kidogo.

"Sema, baba watoto," mkewe akamwambia. "Si ulisema ya kisasa?"

"Si ya kisasa," Zege akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Nilikosea. Nilimwaga zege kwenye fremu ya mbao kichwa chini, ili uso wa juu utoke laini. Boliti zote nikazipanga kama nilivyotaka zikae. Nikasahau kwamba likikauka nitaligeuza. Nilipoligeuza, kulia kukawa kushoto. Saruji ilikuwa imeisha, na mtaa mzima ulikuwa unaningoja nishindwe. Nikaona aibu. Nikavijenga vilivyobaki vyote vifuate kosa. Hata mota nikabadili waya izunguke kinyume."

Halafu mke wa Zege akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka mpaka sauti ikamponyoka.

"Ya kisasa!" akasema. "Miaka yote hii nawaambia wateja wangu, mume wangu ana mashine ya kisasa!"

Hata askari wa zamu alicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa bado ameshika kisu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mtaimbo.

"Mashine mbili mjini," akasema polepole. "Hii ya kulia si yenyewe."

"Si yenyewe, Mzee."

"Yangu inapeleka kushoto."

"Ndiyo."

"Lakini matuta haya... Kwangu hatutoi kazi chafu namna hii."

"Mtu mwenye haraka anasukuma kisu mbio," Mama Miwani akasema. "Hata kwenye mashine nzuri. Na kishikio cha mashine yako, meno yake yako mazima?"

Mzee akafumba macho. "Jino moja limevunjika pembe. Kila kazi yangu ina alama hiyo. Mafundi wote wanaijua."

"Ndiyo ilipigwa tupa. Sasa nikuulize, na ujibu kama unavyojibu mbele za Mungu. Nani alikuwa wa kwanza kukwambia mtaimbo huu ni mkono wa Zege?"

Mzee alitoa kitambaa, akajipangusa shingo, akakikunja tena kwa mikunjo ile ile.

"Msimamizi wangu. Ndiye aliyeniambia nije hapa nikaseme. Ndiye mwenye ufunguo wa pili, siku za mapumziko hufungua mwenyewe." Akaelekeza kidole upande wa karakana yake. "Na nyuma ya karakana kuna kontena. Juzi nilikuta amelitia kufuli lake. Akaniambia panya."

"Jokofu la chanjo linaingia kwenye kontena, Mzee?"

"Linaingia na nafasi inabaki."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake zote, akaziweka mezani mbele ya mkuu wa kituo. "Chukua. Fungua kila mlango. Nami nakuja, ili asiseme mmeweka nyinyi. Nilisimama hapa nikamsemea mtu uongo bila kujua, nitasimama na kule."

Mkuu wa kituo alimtazama Mama Miwani, kisha dirishani, kule lilikokuwa gari.

"Mwambieni dereva arudi na gari tupu," akaamuru. "Na mfungue huyu bwana pingu."

Zege alipofunguliwa hakujua aifanye nini mikono. Mkewe akaichukua yote miwili, akaikagua mbele na nyuma kama nguo iliyorudi kwa dobi.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Twende nyumbani."

"Nikifika tu," Zege akasema, "nalivunja lile zege. Namwaga upya, safari hii kulia kuwe kulia. Aibu imetosha."

"Nikusaidie," jirani akasema haraka, akitafuta pa kuanzia toba. "Nyundo ninayo hapo nje."

"Hakuna anayevunja kitu," Mama Miwani akasema. Alikuwa anafunga mtaimbo kwenye karatasi, hakuinua hata kichwa. "Kesi hii itakwenda mahakamani, na hakimu atataka kuona mashine inayokata kinyume. Kuanzia leo hiyo ni shahidi wa serikali. Shahidi wangu asiguswe na nyundo, si ya jirani, si ya mwenye nyumba."

"Umesikia?" mke wa Zege akamwambia mumewe. "Na akae upande wake huo huo."

Zege akaanza kutabasamu, kwanza kwa mashaka, halafu kwa uso mzima.

Mzee wa karakana alikuwa ameshatangulia mlangoni. Akasimama, mgongo ukiwa bado umenyooka, akazungumza bila kugeuka sawasawa.

"Huyo shahidi," akauliza, "anapokea wageni?"

"Anapokea, Mzee," Zege akajibu. "Ila ukija, mkono wako wa kulia uache nje."

"Kontena kwanza," Mama Miwani akasema, akazichukua zile funguo mezani, akatangulia kwenda kwenye gari la kituo.